Mapango ya Bahari na Mashimo ya Buluu: Mama, Jua Kinachompata Mwanao Chini ya Maji



Huenda leo ukashangaa. Muuguzi aliyezoea kuzungumza juu ya chanjo, maji safi na uzazi salama, leo anazungumzia kupiga mbizi! Sababu ninayo. Katika Pwani yetu, kutoka Vanga hadi Kiunga, nyumba nyingi hula kutokana na bahari. Wako vijana wanaozama kwa pumzi zao wenyewe kutafuta pweza na kamba mawe. Wako wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni, wakiwaongoza wageni kutazama matumbawe na mapango. Wengine wamesomea kazi hiyo na wana vyeti. Wengine wamefundishwa na rafiki kwa siku moja tu, kisha wakaingia kazini.

Kijana huyo anaporudi jioni akisema bega linamuuma, au miguu imekufa ganzi, ni wewe mama unayemchemshia maji na kumtandikia kitanda. Uamuzi wako wa jioni hiyo unaweza kuwa ndio utakaoamua kama atatembea tena au hatatembea. Kwa hiyo tusikilizane vizuri.

MASHIMO YA BULUU NI NINI?

Ukitembea Shimoni au Diani utaona mapango ndani ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni wa chokaa. Maji ya mvua, yakipita humo kwa maelfu ya miaka, huula polepole mpaka ukawa na mashimo na njia za ndani.

Zamani sana, miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ilikuwa na baridi kali na maji mengi yalikuwa yameganda kuwa barafu. Bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kiasi cha mita 120. Mapango mengi yaliyo majini leo yalikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuyajaza. Pango ambalo paa lake limeporomoka huonekana kutoka juu kama duara la buluu iliyokoza katikati ya maji meupe. Hilo ndilo shimo la buluu.

Lililo maarufu sana liko nchi ya Belize, Amerika ya Kati. Upana wake ni kama mita 300 na kina chake ni zaidi ya mita 120. Mwaka wa 1971 mpelelezi wa bahari Mfaransa, Jacques Cousteau, alilifikia kwa meli yake na kulitangaza ulimwenguni. Ndani yake kuna nguzo za mawe zinazoning'inia kutoka juu, na nguzo za namna hiyo hufanyika mahali pakavu tu, tone kwa tone. Chini kabisa hakuna oksijeni, na kuna gesi yenye sumu inayonuka kama yai bovu. Visiwa vya Bahama vina shimo jingine, Dean's Blue Hole, lenye kina cha mita 202. Misri, katika Bahari ya Shamu, kuna shimo la Dahab, ambalo tutalirudia.

Hapa kwetu, kwenye mlango wa Mkondo wa Mida kule Watamu, kuna mapango chini ya maji yanayojulikana kwa samaki aina ya tewa, wakubwa kupita mtu. Wageni hupenda kupelekwa huko. Ni mahali pazuri. Lakini pango ni pango, na maji ni maji.

MAJI YANA UZITO

Ukibeba ndoo ya maji kichwani unajua uzito wake. Mtu aliye chini ya bahari amebebeshwa maji yote yaliyo juu yake. Kila mita 10 anazoshuka, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya dunia. Juu ya maji tunabeba 1. Kwenye mita 10 ni 2. Kwenye mita 20 ni 3. Kwenye mita 30 ni 4.

Uzito huu unafanya mambo matatu.

Kwanza, unaminya masikio. Mpiga mbizi hubana pua na kusukuma hewa taratibu ili masikio yafunguke. Mwenye mafua hawezi kufanya hivyo vizuri, na kiwambo cha sikio chaweza kupasuka. Mwanao akiwa na mafua, asizame siku hiyo, hata kama mgeni amekwisha kulipa.

Pili, unamaliza hewa haraka. Tuseme mtungi ungemtosha mtu saa moja juu ya maji. Kwenye mita 10 utamtosha dakika 30. Kwenye mita 20, dakika 20. Kwenye mita 30, dakika 15. Kwenye mita 55 hazifiki hata 10. Mtungi ni uleule, mapafu ni yaleyale, lakini kila pumzi inachukua hewa nyingi zaidi.

Tatu, unalevya. Kuanzia mita 30 hivi, naitrojeni iliyo katika hewa tunayopumua huanza kufanya kazi kama pombe. Mtu huchekacheka, huona kila kitu kiko sawa, husahau kutazama saa na kipimo cha hewa. Hajui kwamba amelewa. Akipanda mita chache, ulevi huo humwisha.

Sasa turudi Dahab. Ndani ya shimo lile kuna njia, mfano wa lango, inayotokea bahari ya wazi. Dari ya lango hilo iko kwenye kina cha zaidi ya mita 50, na urefu wake ni kama mita 26. Maji ni maangavu, mwanga unaonekana upande wa pili, na mtu hudhani ni karibu. Wengi walijaribu kupita kwa mtungi mmoja wa hewa ya kawaida. Walifika wakiwa wamelewa na kina, na hewa ikaisha kabla hawajatoka. Kwenye jabali la ufuoni pamewekwa vibao vya kumbukumbu vyenye majina ya waliofia pale. Wengi wao walikuwa vijana.

PANGO HALINA MLANGO WA JUU

Katika bahari ya wazi mtu akipata shida anaweza kupanda. Ndani ya pango, juu ni mwamba. Hana budi kurudi kwa njia aliyoingilia, hata kama hewa inakwisha, hata kama tochi imezima. Na ndani ya mapango kuna tope laini kama unga. Teke moja la miguu linatosha kulitibua, na maji yakawa kama uji wa wimbi. Mtu hauoni mkono wake mwenyewe.

Mmarekani Sheck Exley alichunguza ajali za mapangoni na mwaka wa 1979 akaandika kijitabu cha mafunzo. Aligundua kwamba waliokufa walikuwa wamefanya makosa yaleyale. Hawakufunga kamba kutoka nje ya pango ya kuwaongoza kurudi. Hawakuweka akiba ya hewa ya kutosha. Walizama chini mno. Kutokana na hayo, wapiga mbizi wa mapangoni huzishika kanuni hizi:

1. Asiingie pangoni mtu ambaye hakufundishwa kazi ya mapangoni. Cheti cha kawaida cha bahari ya wazi hakitoshi.
2. Kamba ifungwe nje na ifuatwe mpaka ndani bila kukatika.
3. Hewa igawanywe mara tatu: theluthi moja ya kuingilia, theluthi moja ya kutokea, na theluthi moja ya dharura.
4. Asizame kupita kina alichofundishwa.
5. Kila mtu awe na tochi tatu.

Exley mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, alifariki mwaka wa 1994 akizama katika shimo lenye kina kirefu sana kule Mexico. Maji hayamwonei haya bingwa.

KWA NINI WAPIGA MBIZI HUPANDA POLEPOLE?

Chukua soda ambayo haijafunguliwa. Huoni povu. Gesi imo ndani lakini imebanwa. Fungua kwa ghafula, povu linafurika. Fungua kidogo kidogo, gesi inatoka taratibu bila kumwagika.

Mwili wa mpiga mbizi ni kama soda ile. Akiwa chini, naitrojeni inabanwa ndani ya damu, mafuta na misuli. Akipanda polepole, inatoka kwa pumzi bila madhara. Akipanda mbio, inafanya viputo ndani ya mwili. Viputo hivyo vyaweza kuingia kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Huu ndio ugonjwa wa viputo.

Mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, aliufanyia majaribio kwa mbuzi na mwaka wa 1908 akachapisha matokeo yake. Alionyesha kwamba mtu akipanda kwa vituo, akipumzika kidogo kila kituo, viputo hupungua sana. Mpaka leo wapiga mbizi hufuata njia hiyo. Hawapandi zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika moja, na hupumzika dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka.

Hapa naomba tukumbuke jambo lililotuumiza sisi sote. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, likiwa na mama na binti yake. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba. Wengi tulilia, na wengi tuliuliza kwa hasira, mbona wapiga mbizi wanakawia? Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi. Kwa kina hicho shinikizo ni karibu mara 7, maji ya mkondo ni mazito na yanavuta, na mtu hukaa chini dakika chache tu kisha hupanda kwa vituo kwa muda mrefu. Anayekimbilia juu huenda akafa au akapooza.

Kuna hatari nyingine ya kupanda. Mtu anayepumua hewa ya mtungi asizuie pumzi wakati wa kupanda hata kidogo. Hewa iliyojaza mapafu kwenye mita 10 hutanuka mara mbili anapofika juu. Mapafu yaweza kupasuka na hewa ikakimbilia kwenye ubongo. Hili huwapata hata waliozama mita chache.

DALILI ZA UGONJWA WA VIPUTO

Dalili hutokea mara tu baada ya kutoka majini au baada ya saa chache. Nyingi huonekana kabla ya saa 24 kwisha. Angalia haya:

- Maumivu ya ndani kwenye bega, kiwiko, goti au nyonga, bila kujigonga popote
- Uchovu mwingi kupita kiasi
- Ngozi kuwasha au kufanya mabaka
- Ganzi, au kuchomwachomwa kama sindano
- Miguu kukosa nguvu
- Kushindwa kukojoa
- Kizunguzungu, kuona vibaya, maneno kuchanganyika
- Kifua kubana na pumzi kuwa ngumu

Kijana aliyezama kwa mtungi leo, akiwa na dalili hata moja kati ya hizi, mhesabu kuwa mgonjwa wa viputo mpaka mhudumu wa afya aseme sivyo.

UFANYE NINI?

1. Mlaze chali mahali tambarare na penye kivuli. Asitembee wala kufanya kazi. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu.
2. Kama chombo au hoteli ina oksijeni, apewe mara moja kwa kifuniko cha uso, na aendelee nayo njia nzima. Oksijeni ndiyo dawa ya kwanza.
3. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari. Mpeleke hospitali iliyo na oksijeni. Usingoje kesho.
4. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe maji ya kunywa. Asinywe pombe.
5. Mweleze mhudumu: "Huyu alizama kwa mtungi." Taja alifika kina gani, alikaa dakika ngapi, alizama mara ngapi, na alitoka saa ngapi. Usiposema, anaweza kutibiwa malaria au mgongo.
6. Asirudishwe majini "ili akae sawa". Wavuvi wengine hufanya hivyo. Ni hatari kubwa.
7. Asipande ndege, wala asisafirishwe bara kwa njia ya kupanda milima, bila daktari kujua. Nairobi iko juu kwa kiasi cha mita 1,700, na huko viputo huzidi kukua. Hata mpiga mbizi asiye na dalili na akae angalau saa 24 kabla ya kupanda ndege.

Matibabu kamili hufanyika ndani ya chumba maalumu cha shinikizo. Mgonjwa hukaa humo akipumua oksijeni, viputo vinaminywa, kisha shinikizo linapunguzwa taratibu. Vyumba hivyo ni vichache. Kwa hiyo mwajiri wa mwanao lazima ajue mapema kilicho karibu kiko wapi na mgonjwa atafikaje. Asianze kuuliza siku ya ajali.

Kama mtu ametolewa majini na hapumui, usimpindue kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi mdomoni, kisha anza kusukuma kifua katikati: misukumo 30, pumzi 2, tena na tena mpaka msaada ufike. Aliyezama amekosa hewa, na pumzi yako ndiyo anayoihitaji.

"NI JINI WA BAHARINI"

Mama, nalijua neno hili, kwa maana naletewa wagonjwa. Kijana ametoka majini mzima, ameketi, amekunywa chai, halafu miguu inakataa. Jirani anasema ni upepo mbaya, ni jini amemkamata pangoni. Anapelekwa kuaguliwa siku ya kwanza, ya pili, na hospitali anafika siku ya nne.

Si sisi peke yetu tunaosema hivyo. Kule Honduras wako watu wa kabila la Miskito. Vijana wao kwa miaka mingi wamezamishwa kwa mitungi kuvua kamba mawe wanaouzwa ng'ambo. Walizama mara nyingi kwa siku, kina kirefu, kwa vifaa vibovu na bila mafunzo. Wengi walipooza, wengine walikufa. Wazee wao walisema ni mwanamke wa majini anayewaadhibu kwa kuchukua mali yake. Lakini ugonjwa ulikuwa ni huu wa viputo. Kesi yao ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na mwaka wa 2021 serikali ya Honduras ikahukumiwa kuwajibika.

Sikuambii uache dua. Mwombee mwanao ukiwa ndani ya gari la kwenda hospitali. Lakini kila saa inayopita, uti wa mgongo unazidi kuumia.

WATOTO NA MCHEZO WA KUZUIA PUMZI

Watoto wetu hushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Wengine huhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Wanadhani wanajaza hewa. Kwa kweli wanaondoa ile gesi chafu inayouambia mwili "pumua". Oksijeni inaisha bila onyo, mtoto anazimia majini kimya kimya, bila kupiga kelele. Wanaovua pweza pia hufanya hivyo.

Waambie: hakuna kuhema haraka kabla ya kuzama, na hakuna kuzama peke yako. Mmoja azame, mwenzake atazame.

MASWALI YA KUMWULIZA MWANAO

Huhitaji kuzama ili umlinde. Muulize tu, kwa upole, kama mzazi:

- Una cheti? Kinakuruhusu mita ngapi? Cha kwanza kwa kawaida ni mita 18, na hata wenye ujuzi wa kutembelea bahari hawapiti mita 40.
- Mnaingia mapangoni? Nani alikufundisha kazi ya mapangoni?
- Mitungi inajazwa wapi? Mashine ikivuta moshi wa injini yake, hewa ya mtungi huwa na sumu. Hewa yenye harufu ya mafuta, au kichwa kinachouma kila baada ya kuzama, ni onyo.
- Chomboni kuna oksijeni?
- Mtu akiumia, atapelekwa wapi na nani atalipa?

Kama hana majibu, bado hajawa tayari kwa kazi hiyo.

Wako pia wasiofaa kuzama kwa mtungi: mama mjamzito, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa seli mundu, mwenye pumu isiyotulia, na mwenye maradhi ya moyo au mapafu. Hao waonane na daktari kwanza. Mjamzito na angoje mpaka ajifungue.

TUKUMBUKE

Kupanda ni polepole. Pumzi haizuiwi. Pango si la kila mtu. Maumivu au ganzi baada ya mbizi ni hospitali leo, si kesho. Na oksijeni ndiyo dawa ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni vijana gani wanaozama kwa mtungi, na nani aliwafundisha?
2. Hospitali iliyo karibu nasi yenye oksijeni ni ipi, na usiku tutafika kwa gari la nani?
3. Tutawaambia nini watoto wanaocheza ufuoni likizo ikifika?

Mweleze na jirani yako ambaye hakupata nafasi ya kusikia. Hadi mazungumzo yajayo, kaeni salama, na bahari iwarudishe watoto wetu nyumbani wakiwa wazima.